Kibodi Iliyomkataa Kaka Ausi

Kijana akiniletea kibodi na kusema, "Mzee, hii haiendani na mashine," swali langu la kwanza haliihusu kibodi. Humwuliza mashine yenyewe imekaa wapi. Wengi hunitazama kama mtu aliyekwenda dukani kununua chumvi akaulizwa habari za ukoo wake.

Nawaandikieni nyinyi mnaotengeneza simu na kompyuta katika vibanda vya Ruangwa na Nachingwea, pamoja na wenzenu ambao ndio kwanza wanajifunza kushika bisibisi. Kazi yangu, mpaka nilipostaafu, ilikuwa kutengeneza mashine za ofisi: kwanza mashine za kuchapia, kisha za kurudufu, mwisho kompyuta. Mengi niliyoyajua yamekwisha kazi. Hakuna atakayewaletea tena utepe wa wino uliokauka. Lakini lipo jambo moja ambalo halijazeeka, nalo nilifundishwa mara mbili na mtu yule yule. Mara ya kwanza nikiwa mwanagenzi, mara ya pili majuzi tu, nikiwa na mvi na pensheni.

Mtu huyo ni Kaka Ausi wa Likunja. Alikuwa mchapaji kabla ya kuwa fundi, na uchapaji wake ulikuwa wa vidole vyote, macho yakiwa kwenye karatasi, si kwenye herufi. Hakukubali kidole kimoja kifanye kazi ya kingine. Ukichapa herufi A kwa kidole cha shahada alikutazama kama uliyeingia msikitini na viatu. Mpaka leo ananiita fundi mdogo, nami sijawahi kumwomba aache.

Mwaka jana alipatwa na kiharusi. Mdomo ulirudi mahali pake, mguu ukaanza kumbeba kidogo kidogo, ila mkono wa kushoto ulibaki umelala. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini alimweleza waziwazi, mkewe Bi Somoe akiwapo, nami nikiwapo: vidole vile visipotumikishwa kila siku, hasa kidole kidogo na jirani yake, vitajikunja na havitakunjuka tena. Akampa mpira mdogo wa kuminya. Kaka Ausi aliugeuza, akautazama, akamrudishia.

"Mpe mwanao," alisema. "Mimi nimechapia ofisi nzima miaka yote ile. Siminyi mpira."

Bi Somoe aliuchukua hata hivyo, wakarudi nao Likunja, na baada ya wiki chache akanipigia simu. "Shemeji, mpira wanacheza watoto wa jirani. Mwenzio amegeukia ukutani. Nikimwambia habari ya mazoezi anajifanya amelala, na anakoroma kabisa, wakati mimi najua anavyokoroma kwa kweli."

Nilijua kitu kimoja tu ambacho Kaka Ausi asingekikataa. Kompyuta za kwanza zilipofika ofisini kwetu zilikuwa na mchezo wa kuwazoesha makarani kuchapa. Maneno yalishuka kutoka juu ya skrini moja moja, kama mabibo yaliyoiva yanavyodondoka kutoka mkoroshoni. Chini kulichorwa safu ya vibanda. Ukilichapa neno kabla halijafika chini, linatoweka. Ukichelewa, linaangukia kibanda na kukibomoa. Kazi zilipokwisha tulikuwa tukishindana, mimi na yeye, na sikumbuki hata siku moja ambayo kijiji chake kiliteketea. Changu kiliteketea mara kwa mara, naye alinipa pole kwa sauti ya mtu aliyekuja msibani.

Mashine zile zimekwisha kufa zote. Lakini siku hizi kuna kompyuta za bamba moja, ndogo kuliko kiganja, na kuna programu zinazoifanya kompyuta ya leo ijione ni ya zamani, hadi yale maandishi ya kijani. Nililipata bamba hilo, nikaupata na mchezo wenyewe, nikauweka kwenye flashi. Uzuri wake ni kwamba orodha ya maneno unaweza kuibadilisha. Nikakaa siku nzima kutunga orodha ya maneno ambayo huchapwa kwa mkono wa kushoto peke yake: baraza, darasa, dawa, bega, wazee, bata, taa. Jaribuni kuyachapa mtaona. Mke wangu aliponikuta nachapa hewani juu ya meza ya chakula aliniuliza kama na mimi nimeanza kuumwa.

Nilikwenda Likunja, nikaunganisha bamba na runinga iliyo mkabala na kitanda, nikachomeka kibodi ya waya. Siku ya kwanza Kaka Ausi aliacha kutazama ukuta. Siku ya pili, nikiwa nimekwisha rudi kwangu Nachingwea, Bi Somoe alipita na bakuli la uji, mguu ukanasa kwenye waya uliokatiza chumba. Uji ukaenda zake. Waya ukavutika na kung'oa mojawapo ya matundu mawili ya USB ya bamba. Tundu lililobaki ndilo linalobeba flashi ya mchezo. Kwa hiyo, kuanzia siku hiyo, kilichohitajika kilikuwa kibodi isiyo na waya na isiyohitaji tundu, yaani ya bluetooth. Na vidole vya Kaka Ausi vilikuwa vikisubiri.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kwa makini, maana kila kosa nililokutana nalo nyinyi mtakutana nalo kesho asubuhi.

Bi Somoe alinunua kibodi ya kwanza Ruangwa, kwenye duka la simu la binti mmoja aitwaye Mwanahawa. Ilipokataa kuonekana kwenye mashine nikamwomba arudi nayo dukani, na akiwa pale ampe binti simu.

"Babu, shikamoo. Hii ni bluetooth mwanzo mwisho," Mwanahawa alisema. "Si unaona haina waya?"

"Marahaba, binti yangu. Mashine haioni kitu. Hebu igeuze. Fungua mfuniko wa betri. Kuna kidude kidogo kimechomekwa humo ndani?"

Mfuniko ukalia. Kisha: "Kipo. Kama kucha hivi."

"Hicho ndicho sikio lake. Kibodi hiyo haizungumzi bluetooth, inazungumza na kidude hicho tu, nacho kinataka tundu. Mimi sina tundu."

"Babu, wewe noma," alisema, akaibadilisha bila maneno mengi. Kukosa waya ni jambo moja, kuwa na bluetooth ni jingine. Ya bluetooth huwa na kitufe chenye alama ile ile mnayoiona kwenye simu zenu, na taa inayopepesa unapokibonyeza kwa muda. Usipoviona hivyo, usiamini maandishi ya boksi.

Ya pili ilikuwa ya bluetooth kweli, nyembamba, imetengenezwa kwa ajili ya vishikwambi. Ilikubali kuoanishwa. Lakini mchezo wetu wa kizamani huanzishwa kwa F1 na husitishwa kwa Esc, na kibodi hiyo haikuwa na kimojawapo. Mahali pake palikuwa na vitufe vya kupunguza mwanga na kuongeza sauti. Bi Somoe alisema mzee alibonyeza akitafuta mwanzo wa mchezo, runinga ikapiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna harusi. Zingatieni hili: kompyuta ya zamani ilitengenezwa kwa kibodi ya zamani, na programu inayojifanya kompyuta hiyo inarithi mahitaji yake yote. Kabla ya kununua, hesabu vitufe ambavyo mchezo unavitaka, kisha uvitafute kimoja kimoja kwa kidole.

Ya tatu niliitafuta mwenyewe Nachingwea, nikaipata kwa mtu aliyefunga ofisi yake. Ilikuwa nzito, yenye vitufe vyote, herufi zimeinuka kidogo. Niliijaribu mezani kwangu mchana kutwa, kwa bamba jingine la aina ile ile. Nikagundua kwamba ikikaa bila kuguswa husinzia ili kutunza betri, na ikiamshwa humeza herufi ya kwanza. Kwa mtu mwenye kidole cha kusitasita hiyo si hitilafu ndogo. Dawa yake ni kuiamsha kwa kitufe cha Shift, ambacho hakiandiki kitu. Nikaiondoa kwenye kumbukumbu ya bamba hilo, kwa sababu kibodi iliyokwisha zoea mashine fulani huendelea kuitafuta mashine hiyo na kukipuuza kifaa kingine. Nikaifunga vizuri, nikampa kondakta wa basi dogo, nikakaa kusubiri pongezi.

Simu iliyokuja haikuwa ya pongezi.

"Shemeji, hii kibodi inanipenda mimi, mzee haimtaki."

Nilimwomba anieleze taratibu. Nilikuwa nimemwelekeza hivi: atoe flashi kwa muda, achomeke kibodi ya waya kwenye tundu hilo, aiamuru mashine itafute bluetooth, aandike zile tarakimu zinazotokea, kisha arudishe flashi. Mashine inayoanza kutumia kibodi isiyo na waya karibu kila mara hufunguliwa mlango na ile yenye waya, kwa hiyo fundi asitupe kamwe kibodi yake kuukuu. Bi Somoe alifuata yote kwa usahihi. Kibodi ilikubali. Aliandika jina lake, likatokea kwenye runinga. Halafu anampelekea mzee kitandani, naye akichapa herufi moja inatokea, tatu zinapotea, kisha hakuna kitu.

"Nikirudi kwenye mashine kuangalia, inakubali tena," alisema. "Nikimpa yeye, inanuna."

"Kutoka kwenye mashine hadi kitandani ni mbali?"

"Mbali wapi, shemeji? Nikinyoosha mkono nafika."

"Na mashine ipo pale nilipoiweka?"

"Ipo salama kabisa."

Nikabadilisha betri kwa njia ya simu. Nikaamuru iondolewe na ioanishwe upya. Nikamwuliza kuhusu runinga, kuhusu umeme wa sola, kuhusu simu za wageni. Kila nilipouliza habari za mashine nilijibiwa kwamba ipo salama. Nikaanza kuandaa hukumu kwamba kibodi ile na bamba lile haviendani, na kwamba itafutwe ya nne. Siku zilikuwa zinakwenda. Bi Somoe alinieleza kwamba kidole kidogo cha mzee sasa alikuwa anakikunjua yeye kwa mkono wake kila asubuhi, na kwamba asubuhi ile kilikuwa kigumu kuliko jana yake.

Basi nikasikia sauti nyuma yake. "Nipe hiyo simu."

Kaka Ausi hakuwa amezungumza nami kwa simu tangu augue.

"Fundi mdogo," alisema. "Meza umeiona?"

Akamrudishia mkewe simu. Nilijua anasema nini.

Zamani, nikiwa bado mwanagenzi wake, tuliitwa Mbekenyera kwenye ofisi moja ya mazao. Mashine ya kuchapia ilikuwa inapandanisha herufi, moja juu ya nyingine. Niliichukua, nikaisafisha, nikaipaka mafuta, ikachapa vizuri kwenye karakana yetu. Nikairudisha, ikapandanisha. Nikaichukua tena. Safari iliyofuata Kaka Ausi alikuja nami. Hakuigusa mashine. Alivuta kiti cha karani, akakaa, akatoa korosho moja mfukoni na kuiweka juu ya meza. Korosho ikaviringika mpaka ikaanguka upande wa kulia. Mchwa walikuwa wamekula mguu mmoja wa meza, nayo ikawa imeinuka upande wa kushoto, hivyo kibebeo cha karatasi, ambacho husogea kushoto, kilikuwa kinapanda mlima kwa kila herufi. Aliweka kipande cha ubao chini ya mguu ule, akaokota korosho yake, akaila. "Umekuwa unaiosha mashine," aliniambia tukiwa njiani, "na mgonjwa ni meza."

Nilipanda basi la asubuhi hadi Ruangwa, na bodaboda hadi Likunja. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa. Vumbi la njano lilikuwa limetanda kwenye majani, kwenye paa, hata kwenye kope za dereva wangu. Bi Somoe alinipokea kwa maji ya kunywa na lawama za kutokuja mapema. Kaka Ausi alikuwa amelala, uso ukutani.

"Mashine iko wapi, shemeji?"

"Si hiyo hapo."

Alinionyesha sanduku la bati, lile la rangi ya bluu lenye maua, ambalo kila mama wa nyumba katika vijiji vyetu analo, na ndani yake huweka vitenge vya harusi, vyeti vya watoto na udi. Lilikuwa mahali pale pale nilipoiweka mashine, chini ya runinga. Juu yake palikuwa na kitambaa cha kufuma. Kwenye kona moja, mahali ambapo mfuniko ulikuwa umebonyea, zilichomoza nyaya mbili: mmoja wa umeme, mmoja wa runinga. Mbele palining'inia kufuli.

"Umeiweka ndani ya sanduku?"

"Shemeji, baada ya ule uji? Na salfa hii yote? Na watoto wa jirani? Nimeifungia na vitu vyangu vya thamani." Alifungua fundo la khanga, akatoa ufunguo, akainua mfuniko. Bamba lilikuwa limelala kati ya vitenge viwili, linanukia udi, lina joto kama yai lililotoka chini ya kuku.

Mashine ilifanya kazi sawasawa kila mama huyu alipoinua mfuniko kuitazama au kubadilisha flashi. Kisha akafunga kwa uangalifu, akageuza ufunguo, akampelekea mumewe kibodi.

Sikutaka kumweleza kwa maneno. Nilimwomba redio yake ndogo ya jikoni. Nikaiwasha, nikaongeza sauti, nikaiweka juu ya vitenge, nikafunga mfuniko. Mtangazaji alikatika katikati ya salamu, ikabaki mikwaruzo. Nikafungua, akarudi. Nikafunga, akapotea.

"Mawimbi hayapiti kwenye bati, shemeji. Kibodi inaita, mashine haisikii."

Alijishika mdomo. Akatazama sanduku, akatazama kitanda. "Kumbe mzee wangu nimemfungia humu!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, na machozi yakamtoka kwa namna ambayo haikuwa ya kicheko peke yake. Mikono yake ilikuwa imefanya kila kitu kwa upendo, nasi tulioko mbali tulikuwa tunabadilisha betri.

Kitandani, uso uligeuka kutoka ukutani.

"Mgonjwa ni meza," alisema Kaka Ausi.

Tulihamishia bamba kwenye kapu la ukindu, nikalifunika kwa khanga nyepesi. Salfa haipiti, joto linatoka, mawimbi hayana kizuizi. Bi Somoe alilikagua kapu pande zote kwa mashaka, kwa kuwa kapu halina kufuli, kisha akalifunga mdomo kwa kamba ili roho yake itulie.

Nilimwegemeza Kaka Ausi kwenye mito, nikamwekea kibodi mapajani. Mkono wa kulia, ulio mzima, aliutia mwenyewe chini ya shuka. Sikumwambia afanye hivyo. Mkono wa kushoto aliubeba kwa ule wa kulia kwanza, akaupanga vidole juu ya vitufe kimoja kimoja, kila kimoja mahali pake, ndipo akauficha ule mwingine.

Maneno yakaanza kushuka. Taa, likabomoa kibanda. Dawa, likabomoa kingine. Bega alilipata nusu. Nilikuwa nimeipunguza kasi mpaka mwisho, na bado kijiji chake kilikuwa kinateketea mbele ya macho yangu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nilitamani kusema pole, kisha nikakumbuka jinsi pole ile ilivyokuwa ikiniumiza mimi.

Likashuka neno sawa. Nyinyi mnaochapa kwa vidole viwili hamtajua maana yake, kwa hiyo naeleza: kwa mchapaji aliyefundishwa, neno hilo lote ni la vidole viwili vya pembeni vya mkono wa kushoto. S na W ni za kidole cha pete, A ni ya kidole kidogo. Ni vile vile viwili alivyovitaja mtaalamu hospitalini.

Kidole cha pete kiliipata S. Kidole kidogo kilitetemeka juu ya A bila kushuka. Neno lilikuwa limefika nusu ya skrini. Kikashuka. Kikashuka kwa uzito wake, kama kitu kilichoachiwa, lakini kilishuka juu ya herufi yake. Kisha W, taratibu, ikabaki A ya mwisho. Neno lilikuwa juu ya paa la kibanda cha mwisho.

Bi Somoe aliingia, bakuli mkononi, akainua miguu juu juu mahali ambapo zamani palikuwa na waya.

"Uji huu, baba, usipoe."

Kaka Ausi hakumtazama. "Ngoja kwanza," alisema. "Kuna neno linaanguka."